Pikapu Kuukuu na Trei za Mayai

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini kwa sababu siku ile ya redio umeme ulikatika mtaani kwenu, leo sitazungumzia bei ya unga wala foleni za mjini. Nataka kuzungumzia pikapu kuukuu, na hasa ile adha ya kurushwarushwa ambayo wenye pikapu kuukuu wengi wamekwisha kuikubali kama mtu anavyozikubali mvi zake.

Mimi nami nilikuwa nimeikubali. Pikapu yangu ni Datsun 1200, gari dogo ambalo watu wa rika langu wanalifahamu fika. Lilianza kutengenezwa huko Japani mwaka 1971, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1171, ringi za inchi 12 na uwezo wa kubeba nusu tani. Jina la Datsun liliwekwa kando na wenyewe Nissan katika miaka ya 1980, lakini Afrika Kusini waliendelea kuunda ndugu yake, Nissan 1400, hadi mwaka 2008. Nadhani ndiyo maana spea zake bado zinapatikana kwa anayejua kuulizia.

Kazi ya pikapu hiyo ni kuleta mayai mjini. Mama watoto wangu anafuga kuku huko Kibaha, na mara mbili kwa juma, alfajiri, tunapakia trei 100 za kupeleka kwa wauza chipsi wa Magomeni na Kariakoo. Trei 100 ni mayai 3000. Kutoka bandani hadi kwenye lami ni kilometa 6 za makorongo, kisha inakuja Barabara ya Morogoro na matuta yake. Kila safari nilikuwa nafika na mayai 120, pengine 130, yamepasuka. Hizo ni trei 4 na zaidi. Mama watoto alikuwa akiyaandika yote kwenye daftari. Siku moja akaniuliza: "Baba watoto, hivi mimi nafuga kuku ili kulisha sakafu ya gari lako?"

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mambo yalifika mahali pa kuamua. Yeye alitaka tukope tununue gari jipya kidogo, na kiwanja chetu kiwe dhamana. Mimi sikutaka kiwanja kiguswe. Nikamwomba miezi mitatu. Akasema miwili.

Basi, kama ilivyo desturi yetu wanaume, nilianza kwa kutoa fedha. Nilikwenda dukani nikaomba shokomzoba nne, au shokapu kama mafundi wasemavyo, na muuzaji akanishauri nichukue zile ngumu za kazi nzito. Nikafunga zote nne. Safari ya kwanza mayai yaliyopasuka yakawa 160! Nilikuwa nimelipa ili gari lirushe zaidi.

Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi pale Gerezani. Hakuchukua spana. Alilizunguka gari, akakaa nyuma ya bodi, akajirusharusha, kisha akaniuliza: "Bwana, hili gari lako linapanda na kushuka, au linagonga tu?" Sikuelewa swali. Sasa nimelielewa, nami nitalieleza, maana ndilo kiini cha yote.

Gari hukaa juu ya springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi inajikunja, na bodi inabaki karibu pale ilipokuwa. Kisha springi inataka kurudi, na ingeachiwa yenyewe ingepanda na kushuka kama bembea mpaka ichoke. Shokapu ndiyo inayoichosha. Haibebi mzigo hata kilo moja, kazi yake ni kuzuia bembea isiendelee. Kwa hiyo kama springi imekwama na haijikunji, shokapu haina cha kuzuia, na ukiweka shokapu ngumu zaidi umeongeza ugumu juu ya ugumu.

Tena kuna jambo la uzito. Pikapu hutengenezwa ibebe. Springi yake ya nyuma ilipimwa kwa nusu tani, na wewe ukiendesha tupu, springi ile inatikisa bodi nyepesi kwa haraka haraka. Wataalamu wanasema mwili wa binadamu aliyekaa husumbuliwa zaidi na mitikisiko ya kati ya mara 4 na mara 8 kwa sekunde. Bembea ya taratibu, mara moja au moja na nusu kwa sekunde, hiyo mwili unaipenda, kwa kuwa inakaribia mwendo wetu wa kutembea. Ndiyo sababu pikapu iliyopakiwa vizuri huenda kwa upole, na ikirudi tupu inakuwa punda mwenye hasira. Na mayai yangu, kama utapiga hesabu ya gramu 60 kwa yai, ni kilo 180 tu. Machoni mwangu gari lilikuwa limejaa, kumbe kwa springi lilikuwa karibu tupu.

Mzee yule alianza na upepo. Akapima matairi ya nyuma, kipimo kikasoma paundi 48. "Nani alikutilia huu?" Nilitilia mwenyewe, au tuseme kijana wa kuziba pancha alitilia na mimi nikashukuru, kwa imani ile tuliyonayo wengi kwamba tairi gumu ni tairi zima. Lakini upepo ndiyo springi ya kwanza ya gari. John Boyd Dunlop, mwaka 1888 kule Belfast, hakutengeneza tairi la upepo kwa ajili ya malori. Alimtengenezea mwanawe mdogo, ambaye baiskeli yake ya magurudumu matatu ilikuwa ikimtikisa mno. Ukijaza tairi mpaka liwe jiwe, umemrudisha mtoto yule kwenye gurudumu gumu.

Kwangu tulishusha hadi paundi 30 nyuma na 26 mbele. Usininakili. Soma kitabu cha gari lako au kibandiko kilichopo mlangoni, ambacho mara nyingi hutaja upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo, na pima asubuhi kabla matairi hayajapata joto. Tena usishushe chini ya hapo kwa tamaa ya ulaini, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata moto na hupasuka, hasa kwenye lami ya mchana. Siku ukibeba mzigo, pandisha tena. Gharama ya yote hayo ni kipimo cha upepo, kitu cha kukaa kwenye dashibodi. Safari iliyofuata, mayai yaliyopasuka yalikuwa 85.

Nikiwa hapo kwenye matairi, angalia na umri wao. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa na miaka 12, mpira wake umekauka, haujikunji tena. Na kama mfuko unaruhusu, matairi ya radiali ni laini ubavuni kuliko yale ya kizamani ambayo nyuzi zake zimepishana mshazari, ila usiyachanganye kwenye ekseli moja, maana gari litakuwa na akili mbili kwenye kona.

Sasa tuingie chini ya gari, maana huko ndiko kulikokuwa na mgonjwa mwenyewe.

Springi za nyuma za pikapu nyingi za zamani ni zile za vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa katikati. Ni mpango wa tangu enzi za magari ya farasi. Uzuri wake ni kwamba ni imara na fundi yeyote anaujua. Ubaya wake ni kwamba vipande vile, springi inapojikunja, lazima viteleze kimoja juu ya mwenzake. Vikiingia kutu na udongo haviteleze. Springi ya vipande sita inakuwa kipande kimoja kinene cha chuma. Hapo ndipo gari halipandi wala kushuka, linagonga tu, kama alivyouliza mzee. Tena kutu hiyo ina hila. Wengi wetu hupima shokapu kwa kukandamiza kona ya gari na kuiachia: ikipanda na kutulia, tunasema nzima. Gari langu lilitulia papo hapo, nikajisifu, kumbe lilitulizwa na kutu. Shokapu zangu za zamani zilikuwa zimekwisha kufa siku nyingi.

Tulizishusha springi. Gari liliwekwa juu ya vigogo vya kutosha, si jeki peke yake, na hili nalisisitiza, maana jeki imewaua watu. Kazi nzima ya kuachanisha vipande, kuvisugua kwa brashi ya waya, kuvipaka grisi yenye grafaiti na kuvifunga tena ilichukua siku moja na nusu. Bolti ya katikati na zile yubolti nne zilinunuliwa mpya. Yubolti hukazwa kwa nguvu mpaka zikavutika kidogo, na ukiirudisha ya zamani huwezi kuiamini. Baada ya kilometa mia chache tulizikaza tena, na moja ilikuwa imelegea kweli.

Katika kuachanisha tukagundua siri nyingine. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza vipande viwili kila upande, tena vinene, bila shaka vya gari kubwa zaidi. Tunawajua watu hao, na pengine ndio sisi wenyewe: pikapu ya nusu tani tunataka ibebe tani nzima, basi tunaongeza springi. Lakini hebu tupige hesabu. Vipande vya unene mmoja, ukiwa na vinne ukaongeza viwili, springi imekuwa ngumu kwa nusu zaidi. Unene ndio balaa hasa, kwani ugumu wa kipande hupanda kwa kuuzidisha unene kwa wenyewe mara tatu. Kipande cha milimita 8 ni kigumu mara mbili na ushei kuliko cha milimita 6, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo kama kucha. Tuliviondoa vile vya kigeni, tukaacha vya ukoo wake.

Wapo mafundi watakaokuambia springi iliyolala ipashwe moto wa gesi ikunjwe upya. Kataa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kipimo maalumu, na ukikichoma bila kipimo unakiua: kitalala tena baada ya majuma machache, au kitakatika njiani. Ni afadhali springi ya mtumba iliyo nzima, na ununue mbili zilizotoka gari moja.

Kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kukitazama katika miaka yangu yote ya kumiliki gari. Springi ikijikunja inakuwa ndefu, kwa hiyo ncha yake ya nyuma haijafungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Imening'inizwa kwa vyuma viwili vifupi vinavyocheza mbele na nyuma, mimi naviita bembea. Bembea zangu zilikuwa zimeshikwa na kutu kiasi kwamba tulizipiga nyundo kuzitoa. Bushi za mpira zilikuwa hazipo, mahali pake pamewekwa vipande vya tairi vilivyochongwa kwa kisu. Siwalaumu waliochonga, kulikuwa na miaka ambayo bushi haikupatikana hata kwa dawa. Lakini leo bushi za mpira ni katika spea za bei ndogo kuliko zote, na seti nzima ilinigharimu chini ya bei ya tairi moja.

Hapa mzee alinifundisha jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili ada yake yote. Bolti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia juu ya vigogo. Zinafungwa kwa mkono tu, gari linashushwa likalie magurudumu yake, linasukumwa mbele na nyuma, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa juu, mpira unashikwa katika hali ya springi iliyonyooka kwenda chini, na gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote. Gari litakuwa gumu, na baada ya muda bushi zitachanika. Ni mafundi wangapi wanaozingatia hilo? Simama naye unapotengenezewa gari lako, ukamwombe kwa adabu. Na grisi usipake kwenye mpira, wala mafuta ya taa au oili chafu ile wanayopulizia chini ya magari, maana huufanya mpira uvimbe na kuoza.

Mbele sina mengi ya kusema. Tulibadili bushi na bolijointi moja, basi. Zile shokapu ngumu za nyuma nilizibadilisha kwa za kawaida, na muuzaji alikataa kunirudishia tofauti ya bei.

Baada ya kazi hiyo mayai yaliyopasuka yalikuwa 31.

Lakini sharti niseme na upande wa pili, nisije nikawapoteza watu. Mwezi mmoja baadaye shemeji yangu aliniazima pikapu kwenda kuchukua saruji ya ujenzi. Nilidhani mifuko mitano. Alipakia 20, yaani tani nzima, mara mbili ya uwezo wa gari, kwa kuwa alilizoea wakati lina springi za lori. Katika tuta la kwanza ekseli ilipanda ikagonga chesisi. Ile mipira ya kuzuia mgongano huo, ambayo hukaa juu ya ekseli kama kofia ndogo, haikuwapo, nasi katika shughuli zote zile hatukuitazama. Bomba la breki likabanwa kati ya chuma na chuma. Shemeji alifika kwenye makutano ya barabara akakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini. Alijiokoa kwa gia na breki ya mkono, akaishia kwenye ukuta wa maua wa watu. Hakuna aliyeumia. Alipanda daladala kurudi kwangu, akanikabidhi funguo bila neno.

Sasa mipira ile ipo, mipya, na ilinigharimu kidogo kuliko gharama ya ukuta wa maua. Bomba la breki limebadilishwa na kupitishwa mahali pake. Na pikapu siazimishi tena kwa mtu wa saruji. Ukitaka gari la kubebea tani, weka springi za tani na uvumilie kurushwa. Ukitaka gari la mayai, ndilo hili. Mtu anayekuambia utapata yote mawili kwa bei ndogo, muulize yeye anaendesha nini.

Mengine ni ya bure kabisa, nami naona haya kwamba niliyafikia mwisho. Kila mpanda daladala anajua kwamba kiti cha nyuma kabisa ndicho kinachorusha, naye huwaachia vijana. Mimi nilikuwa napanga trei kuanzia mlango wa nyuma wa bodi, kwa urahisi wa kushusha! Sehemu iliyo nyuma ya ekseli hupigwa zaidi kuliko sehemu iliyo kati ya ekseli mbili. Siku hizi trei zinaanzia nyuma ya kichwa cha gari na kuishia juu ya ekseli, na chini yake nimetandika kipande cha godoro kuukuu. Ninaporudi tupu naweka mifuko miwili ya mchanga, kilo 60 kwa jumla, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, imefungwa kwa kamba kwenye bodi. Isipofungwa, siku ya breki ya ghafla itakuja kukutembelea ulipokaa.

Na mgongo wangu je? Kiti cha Datsun ile kilikuwa kimebaki vyuma na majani makavu. Fundi makochi wa mtaani alikata spanji nzito, si ile laini ya mito, akaweka unene wa vidole vinne na turubai juu. Daktari wa mgongo sijamwona tangu siku hiyo, ingawa nakiri kwamba hata zamani nilikuwa namkwepa.

Yote hayo yalimalizika siku nne kabla ya miezi miwili kutimia. Kiwanja bado ni chetu. Ijumaa iliyopita nilifika Kariakoo, wauza chipsi wakahesabu, nikarudi nyumbani na jibu. Mama watoto akafungua daftari, akaandika 9, akaniuliza kama hayo 9 nitayalipa kwa fedha taslimu au yakatwe kwenye mboga.